Ngumu si Nzito, Kavu si Kali

"Mjomba, ngumu kuipiga au ngumu kuielewa?"

Mpwa wangu aliuliza akiwa amesimama nyuma ya kiti changu, kikombe cha chai mkononi. Kwenye karatasi nilikuwa nimeandika "tekno ngumu". Nilikuwa nimeombwa maelezo mafupi ya kipindi cha redio kuhusu muziki wa mashine unaotwangwa kwa nguvu kwenye kumbi za usiku za Ujerumani, Uingereza, Uholanzi na Marekani, na nilishafika aya ya pili bila kushtuka. Kwa Kiingereza neno ni moja tu na linabeba kila kitu: jiwe, mtihani, maisha, pombe na ngoma. Kwetu ngumu ni hesabu za darasa la saba, ni nyama ya ng'ombe mzee, ni mwisho wa mwezi. Ngoma ikiitwa ngumu, msikilizaji anadhani mpigaji ameshindwa.

Nikafuta, nikaandika "nzito". Kisha nikapiga santuri moja nione kama neno linakaa. Likakaa. Nikapiga ya pili, ya mji mwingine, neno likakataa katakata. Hii haikuwa nzito hata kidogo, ilikuwa kavu. Ya tatu ilikuwa inakwaruza. Usiku ule niliumaliza nikiwa na karatasi moja na vivumishi vitano, na tangu siku hiyo sijaviacha, kwa sababu vilinionyesha jambo ambalo miaka yote ya kusikiliza haikunionyesha. Waingereza wameutia muziki huu wote kapu moja kwa kuwa kivumishi chao kinaruhusu. Kiswahili hakiruhusu. Kinakubana useme ni ugumu wa namna gani, na ukishasema, sikio linafuata.

Tekno lenyewe ni neno lililokatwa mkia. Sisi tunalifahamu likiwa zima, teknolojia, au likiwa limejificha ndani ya TEHAMA. Juan Atkins, kijana mweusi aliyesoma Belleville nje kidogo ya Detroit, alilichota kwenye kitabu cha Alvin Toffler, The Third Wave, cha mwaka 1980, ambamo mwandishi anawataja waasi wa tekno. Mwaka 1984 kundi lake la Cybotron likatoa "Techno City". Huko Frankfurt nako neno lilikuwa linatembea kwa njia yake: mwaka huohuo DJ Talla 2XLC alianzisha usiku wa dansi alioupa jina la Technoclub. Lakini hati ya ubatizo ni ya 1988. Kampuni ya London ilikuwa inakusanya muziki wa Detroit kwenye santuri moja, na jina lililokuwa tayari lilikuwa ni la kuuita muziki ule hausi ya Detroit, kana kwamba ni mtoto wa hausi ya Chicago aliyehamia mji wa jirani. Atkins akapeleka kipande alichokiita "Techno Music". Jina la santuri likabadilishwa, na muziki ukapata jina lake.

Ukilifuata neno hilo hadi kwa Wagiriki unafika kwenye ufundi. Hapo ndipo ninapoona raha, maana Kiswahili hakina haja ya kuazima fikra hii. Fundi kwetu ni wa cherehani, wa baiskeli, wa saa, na pia ndiye anayeongoza ngoma ya pepo, anayejua pigo lipi linamwinua mgonjwa na lipi linamtuliza. Mtu anayesimama mbele ya mashine saa nane za usiku akisoma miili ya watu mia tano, akiongeza hiki na kupunguza kile, simwoni akistahili jina jingine.

Na anachokipiga tukiiteje? Wimbo hauwezi. Wimbo una kuimba ndani yake, na vipande vingi vya muziki huu havina hata sauti moja ya mtu. Ngoma ndilo neno. Vijana wa Bongo Fleva walishatangulia: wakisema fulani ametoa ngoma mpya hawamaanishi chombo cha ngozi, wanamaanisha kazi nzima. Kwetu ngoma ni chombo, ni mchezo, ni mkusanyiko, na sasa ni rekodi. Vyote vinne kwa neno moja. Detroit na Berlin walihitaji miaka kadhaa na umeme mwingi kufikia wazo kwamba mdundo unaweza kuacha kuwa mtumishi wa waimbaji ukawa ndio kazi yenyewe. Lugha yetu ililiweka wazo hilo kwenye kamusi bila kelele.

Tusogee karibu zaidi. Roho ya muziki huu ni pigo moja la ngoma kubwa, linalorudi mara nne kwa kila mzunguko, mapigo mia na thelathini au na arobaini kwa dakika. Studioni wengi wanaliita kiki, kwa kufuata Kiingereza. Mimi silitumii, kwa sababu mtaani kiki ni vituko vya msanii anayetafuta kuandikwa magazetini, na neno hilo limeshaoza. Nasema kishindo. Kishindo kina mguu unaokanyaga, kina kitu kilichoanguka, kina hata ushindi wa uchaguzi.

Kishindo kilichopigwa sana kuliko vyote kinatoka kwenye mashine ya Kijapani, Roland TR-909, iliyoingia sokoni mwaka 1983 bila kuuzika vizuri. Matoazi yake ni rekodi za matoazi ya kweli zilizohifadhiwa kwa tarakimu, lakini ngoma yake kubwa inazaliwa papo hapo kutokana na umeme. Ina vitufe vinne vya kuzungusha: nguvu, kimo cha sauti, ukali wa mwanzo, na muda wa kufifia. Ukilipunguza kasi pigo lake unasikia mambo mawili yaliyoshonwa pamoja. Kwanza kuna mgoto mfupi, kama kucha inayogonga meza. Halafu kuna sauti inayoanza juu na kuporomoka chini ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, na ni kule kuporomoka ndiko kunakoufanya mwili uhisi kama ngazi imekosa kidato. Mgoto unasikika kwa masikio. Mporomoko unasikika kifuani. Mafundi wote nitakaowataja hapa chini wamekuwa wakigombania uwiano wa vitu hivi viwili, na humo ndimo vivumishi vyangu vilipojipanga vyenyewe.

Nzito ni Berlin. Ukuta ulianguka Novemba 1989, na Machi 1991 Dimitri Hegemann na wenzake wakafungua ukumbi chini ya ardhi, kwenye vyumba vya kuhifadhia fedha vya duka kubwa la zamani la Wertheim, mtaa wa Leipziger Straße. Wakauita Tresor, yaani chumba cha sefu. Dari la chini, zege kila upande, visanduku vya wateja vimeota kutu ukutani. Weka kishindo ndani ya chumba kama hicho na mporomoko wake hauna pa kukimbilia. Unajaa, unarindima, unasukuma. Kurindima ni neno ambalo wapiga ngoma wetu wanalitumia pale pigo moja linapoingia ndani ya jingine mpaka huoni mshono, na ndicho wanachokitafuta mafundi wa Berlin hadi leo wanapojaza nafasi kati ya vishindo kwa mwangwi wa besi. Ukumbi ule wa kwanza ulifungwa 2005, ukafunguliwa upya kwingine mjini humo 2007, na Machi 2024 Ujerumani iliuingiza utamaduni wa tekno wa Berlin kwenye orodha yake ya taifa ya urithi usioshikika.

Lakini santuri ya kwanza kabisa ya Tresor haikutoka Berlin. Ilitoka Detroit, kwa watu wa kundi la Underground Resistance, Mike Banks, Jeff Mills na Robert Hood, wakijiita X-101. Hapa neno nzito halitoshi. Watu hawa walificha nyuso zao, walikataa kuyauzia makampuni makubwa muziki wao, waliuchapisha wenyewe katika mji ambao viwanda vya magari vilikuwa vinauhama. Ugumu wao ni ugumu wa mtu, wala si wa kitu. Kiswahili kina shupavu: asiyeyumba, asiyerudi nyuma, na ukimchokoza, mkaidi pia. Nasikiliza Minimal Nation ya Hood, ya mwaka 1994, ambamo ametoa karibu kila kitu na kubakiza kishindo, toazi na noti chache zinazojizungusha, na ninachokisikia ni mtu aliyekonda kwa hiari yake na bado anasimama wima. Shupavu.

Kavu ni Birmingham. Nakiri kwamba huu ndio ninaoupenda kuliko yote. Ni mji wa chuma. Ndiko walikotoka Black Sabbath na metali nzito yao. Mwaka 1993 Karl O'Connor, anayejiita Regis, na Peter Sutton walianzisha lebo ya Downwards, na mwaka uliofuata wakatoa santuri ya kwanza ya Anthony Child, Surgeon, iliyorekodiwa kwenye studio ya Mick Harris, aliyekuwa mpiga ngoma wa Napalm Death. Kwenye santuri zao hakuna mwangwi wa kukupoza. Mgoto wa pigo uko wazi, mporomoko umekatwa mfupi, na duara moja la sauti linarudi, linarudi, dakika sita, pengine bila kubadilika kitu zaidi ya kivuli chake. Kiswahili kinamwita mtu asiyepepesa macho mbele ya aibu kuwa ana macho makavu. Sijapata maelezo bora ya muziki wa Surgeon. Unakutazama kwa macho makavu mpaka wewe ndiye unayetazama chini.

Frankfurt ilinipa kazi. Mtindo wa huko, uliokuzwa na Chris Liebing miaka ya 1990, wenyewe wanauita Schranz, na Mjerumani ukimwuliza maana ya neno hilo anaanza kukuna hewa kwa vidole. Wako wanaodai ni kupiga kelele na kucheza vilivyokunjwa pamoja, wako wanaosikia ndani yake kukwaruza. Mimi nadhani wanahangaika bure, kwa sababu hawana darasa la maneno tulilonalo sisi. Schranz ni tanakali sauti. Kama tunavyosema kitu kimeanguka pu, kimetumbukia chubwi, mlango umefungwa ndi, ndivyo wanavyosema wao: muziki unafanya schranz. Ni sauti ya bati linaloburutwa juu ya saruji, mapigo mia na hamsini kwa dakika. Waaustralia nao wanaziita sherehe zao za msituni "doof", na maana yake ni hiyohiyo, doof, doof, doof, usiku kucha. Mwanadamu akikutana na pigo asilolijua, kinywa kinatangulia na sarufi inakuja nyuma.

Hata wanasheria walijaribu. Mwaka 1994 Bunge la Uingereza, likitaka kuzima mikesha ya wazi iliyokuwa ikifanyika mashambani, lilitunga sheria iliyolazimika kueleza muziki gani unazuiwa, na ikaueleza kuwa ni ule unaotawaliwa na mapigo yanayofuatana kwa kujirudia. Fikiria hicho kifungu: ngoma zote za dunia, kuanzia za kutoa mwali, zimo. Kundi la Autechre lilijibu mwaka huohuo kwa kipande kiitwacho "Flutter", ambacho mapigo yake yamepangwa yasijirudie kabisa.

Sasa Rotterdam. Hapa, na hapa tu, nilikubali kulirudisha neno ngumu. Ngumu na ngumi zimetofautiana irabu moja, na muziki wa gaba ni ngumi. Jina lake nalipenda mno. Gabber ni neno la mitaa ya Amsterdam, lilitoka kwenye Kiyidi na kabla ya hapo Kiebrania, na maana yake ni rafiki, mwenzangu, yaani mshikaji. Watu wa Amsterdam walilitumia kwa dharau kidogo kuhusu vijana wa Rotterdam wenye vichwa vilivyonyolewa na suti za michezo, na vijana wakalivaa kama kofia. Muziki wa washikaji. Mwaka 1992 Paul Elstak akaanzisha lebo ya Rotterdam Records, na mwaka huo "Poing" ya Rotterdam Termination Source ikavuka mipaka ya Uholanzi, tanakali nyingine hiyo, ya kitu kinachodunda kama mpira.

Walichokifanya na kishindo ni hiki. Waliichukua ngoma ileile ya 909 wakaisukuma kwenye mashine ya kuchanganyia sauti kupita kiwango inachoweza kubeba, mpaka mawimbi yake yakakatwa vichwa na sauti ikapasuka. Ule mporomoko uliokuwa mpole ukawa na meno, ukawa mrefu, ukageuka noti inayoweza kupigiwa tuni. Tumelelewa na methali kwamba ngoma ikilia sana hupasuka, na tunaisema kumtahadharisha mtu: punguza, mwisho umekaribia. Rotterdam waliifikisha ngoma mpaka pale inapopasuka, kisha wakaendelea kuicheza ikiwa imepasuka. Kila nikisikia kishindo cha gaba nafikiria hivyo, kwamba nasikiliza upande wa pili wa methali, mahali ambapo bibi hakutuambia kuna nini.

Na namna wanavyocheza wanaiita hakken, kukata, kama mtu anayekata kuni, kwa visigino, miguu ikitupwa upesi. Kwetu pia kucheza ni kukata, ila tunakata kiuno. Kitenzi kimoja, sehemu mbili za mwili.

Inabaki kali. Kali ni kisu, ni pilipili, ni jua la saa saba, ni mbwa. Kitu kikali hakikusukumi kama kizito wala hakikugongi kama kigumu, kinaingia. Na muziki mkali kuliko wote ninaoujua unatoka Manzese, Mburahati na mitaa ya jirani, hapa Dar es Salaam. Singeli inakimbia kuanzia mapigo mia mbili kwa dakika na inaweza kukaribia mia tatu. Mama yake ni mchiriku, uliokua kwenye ngoma za harusi za Wazaramo na kuongezewa kinanda kidogo cha Casio chenye sauti ya nyuki. Na malezi yake ni vigodoro, ile mikesha ya uswahilini inayofunga mtaa mzima. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa studio ya Sisso, Sounds of Sisso, na wahakiki wa Ulaya wakaanza kuandika kwamba wamesikia gaba ya Afrika.

Niliyasoma hayo, na kila mara nilihisi kitu hakikai. Sasa nina maneno ya kusema ni kipi. Kundi la ngoma la pwani lina vumi na lina chapuo. Vumi ni kubwa, inavuma, inashika chini. Chapuo ni ndogo, ya sauti ya juu, na jina lake liko jirani na kuchapua, kuharakisha mwendo. Berlin na Rotterdam, pamoja na tofauti zao zote, ni muziki wa vumi: kila kitu kinajengwa juu ya pigo la chini. Singeli ni muziki wa chapuo. Besi yake ni nyembamba, kishindo chake ni chepesi, na kazi yote inafanyika juu, kwenye vile vidundo vidogo vinavyomwagika kama mtama kwenye bati. Mzungu amesikia kasi na nguvu, akafikiri ni ndugu wa gaba. Ni ndugu kwa nia. Kwa chombo, mmoja amekaa kwenye vumi na mwingine kwenye chapuo, na katika ngoma iliyokamilika wanahitajiana.

Nyege Nyege, kwa njia, ni somo zima la istilahi peke yake. Kwa Kiganda ni ule msisimko unaomkamata mtu ghafla akashindwa kutulia, lazima acheze. Kwa Kiswahili kila mtu mzima anajua nyege ni nini, na hawezi kulitamka neno mbele ya wakwe. Tamasha lenye jina hilo lilianza kufanyika Jinja mwaka 2015, na mwaka 2022 wabunge wa Uganda walitaka lizuiwe kwa hoja ya maadili kabla ya kuruhusiwa kwa masharti. Ninaamini jina lilichangia. Lakini maana zote mbili zinazungumzia mwili unaojitangulia, na Waganda wamelinda ile iliyo safi.

Kuna neno moja nililokuwa sina. Katika mitindo yote hii fundi huiondoa ngoma kubwa kwa makusudi. Anaacha matoazi yaning'inie, watu wanabaki na miguu hewani, halafu anairudisha. Nilijaribu kukata, nikajaribu kuinua, nikajaribu kusitisha. Yote yalieleza anachofanya fundi na hakuna lililoeleza kinachompata mchezaji. Nikaenda kwenye kigodoro kimoja, nikasimama karibu na spika ambazo zilikuwa zinapeperusha shati langu. DJ akaitoa ngoma. Nikamwinamia kijana aliyekuwa ubavuni kwangu.

"Shikamoo mzee," akasema, akidhani nataka kupita.

"Marahaba. Hapo alipoitoa ngoma, ninyi mnasema amefanya nini?"

Akaniangalia, macho yake yamerudi kwenye meza ya DJ kabla hajamaliza kujibu. "Hapo? Hapo anatunyima."

Nilikuwa bado natafuta kalamu mfukoni alipoirudisha.